Ndege wa Ufuoni: Tuwatazame, Tuwaandike, Watufae



Siku moja tulikuwa ukingoni mwa Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu na Gede. Wageni wawili walikuwa wamesimama kwenye tope na darubini zao, hawasemi neno, jua linawachoma. Mama mmoja wa kikundi akanishika mkono akaniuliza:

"Dada, hebu niambie. Watu hawa walipa nauli ya ndege kuja kuangalia ndege. Walipa hoteli, wasimama juani, waangalia vijindege ambavyo mimi naviona tangu nizaliwe. Wao wapata nini? Na mimi mwenye kuzaliwa hapa, napata nini?"

Nilimjibu upesi upesi: "Huo ni utalii, mama. Mkijipanga, pesa zitakuja." Jibu hilo la haraka liligharimu kikundi kimoja shilingi 38,000. Makala haya ni jibu langu la pili, na safari hii sina haraka.

TULIVYOKOSEA

Kikundi chenyewe sitakitaja. Kilikuwa na akina mama 22 na vijana sita. Walikuwa na chama cha kupeana pesa kwa zamu, na kidogo kimewekwa kando kwa mradi. Mimi nikawatia moyo: tujenge banda la makuti ufuoni, tuweke viti na kibao, tununue darubini moja ya mitumba, tuite wageni waje kutazama ndege. Pesa za kando hazikutosha. Tukakubaliana zamu ya mwezi ule isubiri kidogo. Aliyesema isubiri ni mimi. Mwenye zamu alikuwa mama aliyekuwa akingoja pesa hizo alipe karo ya mtoto wake wa kidato cha pili.

Tukafungua Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, saa tano asubuhi, mwezi wa mbinguni ukiwa nusu. Walikuja walimu, wafanyakazi wa hoteli na wageni wao wanane. Tukawakaribisha kwa madafu. Tukageuka kutazama bahari, na maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Hakuna tope, hakuna ndege. Palikuwa na korongo mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja amelala, na kunguru juu ya banda letu jipya. Mgeni mmoja alimwuliza kijana wetu, "Yule ni ndege gani?" Kijana akajibu, "Ni ndege wa baharini." Saa sita wageni walikuwa wameondoka, na hawakurudi.

Mtoto wa yule mama alikaa nyumbani wiki tano. Akina mama wawili walitoka kikundini, na sikuwalaumu.

Jioni ile mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu zake hapo karibu, alinicheka kwa upole. "Mwanangu," akasema, "mlikwenda kubisha hodi na wenyewe wamesafiri. Na hao wachache waliobaki, mliwaendea wakiwa wamelala. Mbona hamkuuliza?"

Kweli, hatukuuliza. Tulidhani elimu ya ndege iko kwa wageni na vitabu vyao. Kumbe nusu yake ilikuwa kwa mzee yule.

KWANZA, TUJUE MAJI

Ndege wengi wa ufuoni hawali kwa saa. Hula kwa maji. Maji yakipwa, tope na mchanga hufunuka, na ndani yake mna kaa wadogo, minyoo, kamba na konokono. Hapo ndipo meza yao ilipo. Maji yakijaa, meza imefunikwa. Basi ndege huenda kupumzika kwenye vichuguu vya mchanga au juu ya mikoko, wakingoja.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu tunapata bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakauki sana.

Wavuvi wetu wanajua hesabu nyingine ambayo haimo kwenye kalenda ya ukutani. Siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka sana tangu saa nne asubuhi mpaka karibu na saa sita. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne na saa tano asubuhi ndipo yanapojaa. Sasa rudini mtazame siku yetu ya ufunguzi: mwezi nusu, saa tano. Hata mtoto wa mvuvi angetuambia.

Ndani ya mikono ya bahari kama Mida maji huchelewa kidogo kuliko bahari kuu, kwa sababu mlango ni mwembamba. Kwa hiyo msitegemee jedwali la bandari peke yake. Kaeni siku chache mtazame wenyewe, muandike saa.

Wakati mzuri wa kutazama si maji yakiwa yamekauka kabisa, maana ndege hutawanyika mbali. Wakati mzuri ni maji yanaporudi. Yanawasukuma ndege polepole kuja karibu na ukingo, na wewe umekaa kimya unawangoja.

PILI, TUJUE MISIMU

Kosa la pili lilikuwa mwezi wa Juni. Wengi wa ndege tunaowaona kwenye tope si wenyeji, ni wasafiri. Hutaga mayai na kulea watoto wao huko kaskazini ya mbali, Urusi na Asia ya kati, wakati wa kiangazi kifupi cha huko. Baridi ikianza, chakula huganda, nao huja kwetu. Wa kwanza huanza kuonekana mwezi wa Agosti. Kufika Oktoba na Novemba wamekuwa wengi, nao hukaa mpaka Machi na Aprili. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei huondoka. Mwezi wa Juni wanaobaki ni wachache, wengi wao vijana ambao hawajafikia umri wa kutaga.

Chukueni mfano wa kitwitwi mmoja mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye hutaga Siberia. Akiwa hapa ana uzito wa gramu 50 hadi 60 hivi, chini ya uzito wa yai la kuku wa kisasa. Kabla ya kurudi hula, akala, mpaka akapita gramu 80. Mafuta hayo ndiyo petroli yake ya safari ya kilomita maelfu. Sasa fikirini: kila mara mbwa akimkimbiza, au kijana akimrushia jiwe, au watu wakipita katikati ya tope bila sababu, anaruka na kuchoma mafuta aliyoyatafuta asubuhi nzima. Akiondoka bila mafuta ya kutosha, hafiki.

Mwingine ni yule mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama koleo. Huyu chakula chake kikubwa ni kaa, basi sisi tunamwita mla-kaa. Huyu hatoki Siberia. Hutaga katika nchi za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na pembe za Somalia, pande zilezile majahazi yalikotoka na tende na mazulia. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu. Ndege wa yai moja kwa mwaka akiharibiwa makao yake haongezeki upesi. Mida ni mahali panapojulikana sana kwa ndege huyu, na kuna wageni wanaokuja kwa ajili yake yeye peke yake.

Kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, mambo ni tofauti kidogo. Mto unaleta udongo mwekundu kutoka bara, na mchanga hutengeneza visiwa. Huko shakwe na membe hukusanyika kwa maelfu. Na wakati wa kusi, wasafiri wa kaskazini wakiwa wamekwenda zao, huja ndege wengine kutoka Madagaska. Kwa hiyo kila mahali pana kalenda yake. Ya jirani haitakufaa wewe.

TATU, TUTAZAME MIDOMO

Akina mama wengi huniambia, "Dada, hawa wote ni sawa, ni vijivu tu." Ni kweli, ukitazama rangi utachoka. Tazama mdomo, tazama miguu, tazama anavyokula.

Mwenye mdomo mfupi na macho makubwa hukimbia hatua tatu, husimama, kisha hudonoa juu juu. Anawinda kwa macho. Mwenye mdomo mrefu hutumbukiza topeni na kupapasa, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni bila kuangalia. Sululu mdomo wake umepinda chini, kama kile chombo cha kuchimbia ambacho pia tunakiita sululu, nao huingia sawasawa ndani ya shimo la kaa. Mwingine mfupi mwenye miguu ya rangi ya chungwa hupindua mawe na majani ya bahari kutafuta kilichojificha chini.

Ndiyo maana ndege wa aina nyingi wanaweza kula kwenye tope moja bila kugombana. Kila mmoja ana kijiko chake. Nilipolieleza hili kwenye kikundi, mama mmoja alisema, "Basi wametushinda sisi na kisima chetu." Tukacheka, lakini alisema kweli.

NAMNA YA KUTAZAMA

Huhitaji mali nyingi. Fuateni haya:

1. Jua liwe mgongoni mwenu. Ukitazama ukielekea jua, kila ndege ni mweusi.

2. Vaeni nguo zisizong'aa. Kanga nyekundu na shati jeupe huonekana mbali.

3. Kaeni chini, nyamazeni, acheni mbwa nyumbani. Mkikaa dakika ishirini bila kusogea, ndege husahau kwamba mpo.

4. Msiingie katikati ya tope. Kaeni ukingoni.

5. Mkipata darubini, someni namba zake. Ikiandikwa 8x42, maana yake ni kwamba inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Inayokuza mno hutikisika mkononi, na ya kioo kidogo huwa na giza. Hiyo ya 8x42 inatosha kikundi.

6. Kundi kubwa msilihesabu mmoja mmoja. Hesabuni kumi wa kwanza, mtazame wamejaza nafasi kiasi gani, kisha mpime nafasi kama hizo ni ngapi kwenye kundi zima. Nafasi 14 ni ndege kama 140. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

DAFTARI LA KIKUNDI

Hapa ndipo pana kiini cha mambo. Kikundi kisicho na daftari la pesa hugombana. Kikundi kisicho na daftari la ufuo hubahatisha.

Chukueni daftari la kawaida la shule, mchore mistari muwe na sehemu saba: tarehe, saa, maji (yanapwa au yanajaa, bamvua au maji mafu), mahali, jina la ndege, idadi, na mengineyo. Kwenye mengineyo andikeni upepo, mvua, watu waliopita, mikoko iliyokatwa, samaki walioonekana. Jina la ndege likiwa halijulikani, andikeni la Kigiriama au la Kibajuni, au mchore. Jina la kitabuni litakuja baadaye. Lakini msiandike mlichodhani. Andikeni mlichoona.

Mkiona ndege ana pete mguuni, andikeni rangi zake na maandishi yake kama yanasomeka, mpeleke habari kwa ofisi ya makumbusho au ya KWS. Pete hizo ndizo zinazoonyesha ndege ametoka wapi na ameishi miaka mingapi.

Msidharau kazi hii. Kuna mnana mmoja wa Kaunti ya Kilifi, aitwaye mnana wa Clarke, ambaye haonekani popote pengine duniani. Wataalamu walimwandika vitabuni tangu mwaka 1913, lakini miaka 100 ikapita hakuna aliyejua anajenga kiota wapi. Viota vyake vilikuja kuonekana mwaka 2013, kwenye bwawa la majani huko Dakatcha, na wanavijiji wa kikundi cha hifadhi cha hapohapo walikuwamo katika kazi hiyo. Si kila jambo linangoja mtu wa digrii.

Tena, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndege wa maji huhesabiwa nchini mwetu kila Januari, na watu wa kujitolea hushiriki. Kikundi chenye daftari kinakaribishwa kwa heshima, maana kinaleta kitu mkononi.

FAIDA AMBAZO HAZINGOJI WAGENI

Baada ya kuanguka, kikundi chetu kilikaa mwaka mzima bila kuita mgeni yeyote. Kiliandika tu. Vijana wawili na mama mmoja, mara mbili kwa wiki, na mzee mvuvi akiwa mwalimu wetu. Nilidhani watachoka. Hawakuchoka, kwa sababu faida zilianza kuonekana mahali tusipotazamia.

Kwanza, uvuvi. Wavuvi wamejua zamani kwamba membe wakizunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, chini pana samaki wakubwa wanaowafukuza dagaa kuja juu. Vijana walipoandika mahali na miezi, waliona mpango fulani ambao kila mvuvi alikuwa nao nusu nusu kichwani.

Pili, kuku. Akina mama walikuwa wakipoteza vifaranga na kumlaumu mwewe. Daftari likaonyesha kwamba mwizi mkubwa ni kunguru wa Kihindi, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu. Huyu si mwenyeji. Mombasa ameonekana tangu mwaka 1947, na ameenea pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo, na vifaranga vya kuku pia. Tena ikaonekana kwamba walikuwa wengi zaidi siku ambazo matumbo ya samaki yalitupwa ovyo karibu na boma. Basi akina mama wakaanza kufukia taka za samaki na kufungia vifaranga ndani ya tenga mpaka wakue kidogo. Vifo vikapungua. Lakini nawasihi: msitege sumu. Sumu haichagui, itamwua kunguru, na paka, na kuku, na mtoto. Kazi ya sumu ni ya wataalamu wenye kibali peke yao.

Tatu, mikoko. Kikundi kilikuwa na bidii ya kupanda mikoko, na nusu ya miche ilikuwa inakufa. Mzee akatuonyesha kwamba tulikuwa tunapanda kwenye tope tupu la katikati, mahali ambapo mikoko haijapata kuota hata siku moja, na ambapo ndege na kaa ndipo wanapokula. Tulikuwa tunaharibu meza ya ndege, na miti yenyewe haishiki. Pandeni pale mikoko ilipokuwepo ikakatwa, na kila mti mahali pake: mlilana upande wa bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu kule juu. Ukitaka kujua mahali pake, tazama visiki vya zamani.

Nne, hofu. Vijiji vingi bundi huuawa kwa sababu watu wanaamini analeta kifo. Nawaulizeni: ghalani kwenu ni nani anayekula mahindi? Ni panya. Na ni nani anayekula panya usiku kucha bila mshahara? Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, yumo bundi mmoja mdogo wa kimo cha sentimita 16 tu, anayejulikana mahali pachache tu kwingine, pamoja na milima ya Usambara, Tanzania. Watu huvuka bahari kumwona. Vijana wa kando ya msitu wanaojua mahali anapolala mchana wanapata riziki kwa kumwonyesha. Ndege yuleyule, huku jiwe, kule karo.

SASA WAGENI

Sisemi wageni hawana maana. Hapo jirani tunayo mifano. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993. Wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi vya vipepeo na kuuza pupa nchi za nje, na kwa hiyo msitu una faida kwao ukiwa umesimama. Mwaka 2001 A Rocha Kenya walianzisha mpango uitwao ASSETS, wa kuwasaidia karo ya sekondari watoto wa jamii zinazozunguka msitu na Mida. Sehemu ya pesa hutokana na wageni wanaolipa kupita kwenye daraja la kamba na mbao katikati ya mikoko ya Mida, mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mwanafunzi anajua kwamba karo yake imetoka kwenye tope lile.

Kikundi kinachotaka kuanza kifuate ngazi hizi:

Ngazi ya kwanza ni kujua. Angalau mwaka mmoja wa daftari, na watu watatu wanaoweza kutaja ndege 40 bila kubahatisha. Mtu anayetaka kuwa mwongozaji wa kweli afanye mtihani wa chama cha waongozaji safari wa Kenya. Ngazi ya chini kabisa ni ya shaba.

Ngazi ya pili ni ruhusa. Mahali pengi pa ufuo wetu pako chini ya ulinzi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu mwaka 1968, na Mida ni sehemu ya ulinzi huo. Zungumzeni na KWS, na watu wa misitu kuhusu mikoko, na kamati ya wavuvi ya ufuo wenu. Msiwaruke wavuvi. Ufuo ni shamba lao. Hakikisheni pia kikundi kimesajiliwa kwa sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022.

Ngazi ya tatu ni mgawanyo wa pesa, na uandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Mwongozaji anapata kiasi gani? Mfuko wa kikundi kiasi gani? Ulinzi wa ufuo kiasi gani? Nimeona vikundi vikifa kwa ajili ya shilingi 500 ambazo hakuna aliyejua ni za nani.

Ngazi ya nne, ya mwisho kabisa, ni banda. Sisi tulianza na hilo.

Na onyo moja: wageni ni kama mvua, hawana ahadi. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, wageni walikatika kwa mara moja. Vikundi vilivyotegemea wageni tu vililala njaa. Vilivyokuwa na kuku, nyuki na nyavu vilivumilia. Ndege wawe jiko la pili, wasiwe jiko la peke yake.

YULE MAMA

Mtanikumbusha karo ya mtoto. Kikundi kiliporudi kuita wageni, ilikuwa Novemba, siku ya bamvua, maji yakianza kurudi. Walikuja wageni watano tu. Kijana yuleyule aliyesema "ndege wa baharini" alitaja ndege 31, wanatoka wapi na wanakula nini, na mahali ambapo hakujua alisema, "Huyu simjui, nitauliza." Walikaa saa tatu. Wakalipa, na wiki iliyofuata wakaleta wenzao.

Kabla ya kugawa pesa zile, mweka hazina alisimama akasema kuna deni la zamani. Wote walijua ni lipi. Zamu ya yule mama ililipwa kwanza, kamili, na mimi nikaongeza changu. Wiki tano za shule hazirudi, najua, na aliniambia hivyo machoni pangu. Lakini alirudi kikundini. Sasa ndiye anayetunza daftari.

Juzi nilimkumbusha lile swali lililoulizwa na mwenzake kule Mida: wao wapata nini, na sisi tupate nini? Alifungua daftari akanionyesha mstari wa mwezi wa Aprili. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono wake: "Leo wameondoka wote jioni, kundi kubwa, kuelekea kaskazini. Maji yalikuwa yanajaa." Akasema, "Zamani walikuwa wanaondoka na mimi sijui. Sasa najua wakiondoka, na najua wakichelewa kurudi. Wakichelewa, nitakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni ndege gani kumi tunaowaona kila siku, na tunawaita nani kwa lugha yetu? Wazee wanajua nini juu yao ambacho vijana hawajui?

2. Ufuo wetu au ziwa letu au mto wetu umebadilika namna gani katika miaka 20? Nani aliandika?

3. Ni mradi gani tulianza na banda kabla ya kujua? Nani aliumia, na je, tumemlipa?

4. Nani kijijini kwetu ni kama yule mzee mvuvi, ambaye hatujamwuliza?

5. Wiki hii, nani ataleta daftari?